JE, YESU ALIISHI KWELI? (PAMOJA NA TOBA YANGU KWENU)

 

Najua wengi wenu mnasoma haya mkiwa kwenye matatu, mmekwama kwenye msongamano mkitoka mjini kurudi nyumbani. Leo somo ni refu kuliko kawaida. Naomba mnivumilie, maana leo sifundishi tu. Leo nalipa deni.

Miaka miwili iliyopita, ibada ya Ijumaa Kuu, nilisimama madhabahuni nikawasomea barua. Nilisema iliandikwa na mtawala wa Kirumi aitwaye Lentulus, aliyemwona Yesu kwa macho yake, akawaandikia wakuu wa Roma kueleza nywele zake, ndevu zake na macho yake. Tuliiweka kwenye skrini. Mlisimama, mkapiga makofi, wengine mkalia. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba huo ndio ushahidi wa mwisho, na asiyeamini afunge mdomo.

Baada ya ibada kijana mmoja wa kwaya, mwanafunzi wa chuo kikuu, alinifuata nje. Aliniambia kwa heshima, "Pasta, ile barua nimeitafuta. Ni ya kughushi." Mimi nilifanya nini? Nilimwambia anapambana na roho ya shaka, aende akafunge siku tatu. Kijana aliitikia, "Sawa, Pasta." Hakurudi kwaya. Baadaye hakurudi kanisani.

Mwezi uliopita mama yake alinikuta steji ya Kangemi. Aliniuliza swali moja: "Pasta, mwanangu anasema hata Yesu mwenyewe ni hadithi ya kutungwa. Nimwambie nini?" Nilikosa jibu. Nilienda nyumbani, nikafanya kile nilichopaswa kufanya kabla ya ile Ijumaa Kuu: nikachunguza.

Kijana alikuwa sahihi. Yudea haikuwahi kuwa na mtawala aitwaye Lentulus. Barua ile ilianza kuonekana karne nyingi baada ya Yesu, na msomi wa Italia aitwaye Lorenzo Valla aliitaja kuwa ya kughushi zaidi ya miaka 500 iliyopita. Miaka 500, wapendwa! Mimi niliipata WhatsApp, nikaileta madhabahuni bila hata kuuliza ilitoka wapi.

Kwa hiyo hapa, mbele yenu wote, naomba msamaha. Na kwa kuwa niliwalisha ushahidi mbovu, acheni leo niwape ulio mzuri, pamoja na mipaka yake.

TUFUNGUE MAHAKAMA

Wengi mnamkumbuka wakili Dola Indidis, aliyewahi kuwa msemaji wa Idara ya Mahakama hapa Kenya. Mwaka 2007 alikwenda Mahakama Kuu hapa Nairobi akitaka hukumu ya kifo aliyopewa Yesu ifutwe. Hakufaulu. Mwaka 2013 akaipeleka The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, akiwataja Tiberio, Pilato na Herode, pamoja na nchi za Italia na Israeli. Mahakama ile husikiliza kesi za nchi na nchi, si za mtu binafsi, kwa hiyo haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza ombi lake.

Watu walicheka sana. Lakini mimi nimekuwa nikiwaza. Tuseme jaji mmoja angekubali kuisikiliza kesi ile. Swali la kwanza lingekuwa hili: huyu mtu unayemtetea alikuwepo? Leta mashahidi.

Basi tuwalete. Kaa upande wa jaji. Usikae upande wa kwaya.

KWANZA, TUNATOA NJE MASHAHIDI WA UONGO

Barua ya Lentulus, nje. Ile "ripoti ya Pilato kwa Kaisari" inayozunguka kwenye simu zenu kila Pasaka, nje pia. Mnajua aliyeitoa ni nani? Ni mchungaji! Aliitwa W. D. Mahan, wa Missouri, Marekani. Aliichapisha mwaka 1879, kisha akaongeza nyingine akidai amezikuta kwenye maktaba za kale huko Roma na Constantinople. Baadaye ilibainika kwamba sehemu ya hizo alizoongeza alikuwa ameinakili kutoka riwaya ya Ben-Hur. Mwaka 1885 baraza la kanisa lake mwenyewe lilimpata na hatia ya uongo na kunakili, likamsimamisha huduma kwa mwaka mmoja.

Niliposoma habari hiyo nilinyamaza kwa muda. Nilijiona.

Mtu wa Mungu, Yesu hahitaji uongo wetu. Ukimtetea kwa uongo, siku uongo ule ukianguka utaanguka na watoto wetu.

SHAHIDI ASIYETUPENDA

Wale mnaokaa Kangemi, Uthiru na Kinoo mnapita Waiyaki Way kila siku. Barabara ile imepewa jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa upande huu wa Dagoretti. Mwaka 1890 alipatana na Lugard wa kampuni ya Waingereza. Mwaka 1892, baada ya ugomvi katika ngome ya Fort Smith kule Kabete, alikamatwa, akapelekwa kuelekea pwani, akafia njiani Kibwezi.

Tunajuaje kwamba Waiyaki aliishi? Kuna pande mbili. Upande mmoja ni wa Wazungu waliomkamata, ambao hawakuwa na sababu ya kumsifu. Upande wa pili ni wa jamaa na wazee waliosimuliana habari zake. Pande hizi hazikubaliani katika kila jambo. Simulizi za wazee zinasema alizikwa akiwa hai, kichwa chini, na wanahistoria wamelibishania jambo hilo miaka mingi. Lakini adui na rafiki wanakubaliana kwamba alikuwepo, alikamatwa, na alifia Kibwezi. Pale adui na rafiki wanapokutana, mwanahistoria anaweka mguu wake.

Sasa twende kwa Yesu. Rafiki zake waliandika Injili. Je, adui aliandika?

Aliandika. Mrumi aitwaye Tacitus, karibu mwaka 116, alieleza jinsi Nero alivyowatesa Wakristo baada ya moto wa Roma wa mwaka 64. Aliidharau imani yetu vibaya, akaiita ushirikina wa hatari. Katika kueleza jina hilo la Wakristo lilitoka wapi, akasema lilitoka kwa Kristo, aliyeuawa wakati wa Tiberio kwa amri ya Pontio Pilato. Tacitus hakuwa anahubiri. Alikuwa anatukana, na katikati ya matusi akatuachia habari.

Uwe jaji wa haki: Tacitus aliandika zaidi ya miaka 80 baada ya msalaba, na hata cheo cha Pilato alikitaja kwa jina lililokuja kutumika baadaye. Basi usimfanye shahidi wa pekee. Mpe kiti, kisha umwite mwingine.

SHAHIDI WA YERUSALEMU

Josephus alikuwa Myahudi wa ukoo wa makuhani, aliyezaliwa Yerusalemu karibu mwaka 37. Hakuwa Mkristo. Kitabu chake kikubwa cha historia ya Wayahudi alikimaliza mwaka 93 au 94.

Kitabu hicho kina sehemu mbili zinazomtaja Yesu. Ya kwanza ina maneno yanayokiri kwamba Yesu ndiye Masihi, na wasomi wengi wanakubali kwamba mikono ya Wakristo waliokinakili ilitia chumvi hapo. Kwa hiyo mtu akikuletea maneno hayo yote kama ushahidi, mwambie polepole, tusirudie kosa la Pasta.

Lakini sehemu ya pili ni tofauti. Hapo Josephus anaeleza jinsi kuhani mkuu Anano, mwaka 62, alivyotumia nafasi ya kukosekana kwa mtawala wa Kirumi akamhukumu mtu aitwaye Yakobo apigwe mawe, na jinsi kuhani huyo alivyoondolewa madarakani kwa sababu ya jambo hilo. Ili msomaji ajue ni Yakobo yupi, Josephus anasema ni ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Anasema hivyo na kupita. Hamsifu Yesu. Anamtambulisha Yakobo tu, kama vile sisi tunavyosema, "Ni yule Yakobo ndugu yake fulani."

Mwaka 62 Josephus alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, mtu wa Yerusalemu, wa jamii ya makuhani. Hayo yalikuwa mambo ya mji wake na ya watu wa tabaka lake.

Sasa fungua Wagalatia 1, mstari wa 18 na 19. Paulo anasema alikwenda Yerusalemu akakaa na Petro siku 15, na huko akamwona Yakobo, ndugu wa Bwana. Unaona? Paulo alikutana na Yakobo uso kwa uso. Josephus, asiyekuwa wa kanisa, anaeleza jinsi Yakobo huyo alivyouawa. Wawili hawa hawakukaa chini kupanga ushahidi, na wote wanasema huyu ni ndugu yake Yesu.

Mtu wa kutungwa hana ndugu wa kupigwa mawe. Kwangu mimi, huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, na sikuwahi kuuhubiri hata mara moja. Nilikuwa na shughuli na barua ya Lentulus.

SHAHIDI WA KARIBU

Kuna wanaosema Yesu aliandikwa baadaye sana, watu walipokwisha kusahau. Nenda mjini, simama pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, kwenye bustani ya kumbukumbu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa pale kwenye ubalozi wa Marekani, na watu zaidi ya 200 wakafa hapa Nairobi. Majina yao yako ukutani. Mwaka 2023 ilitimia miaka 25. Je, mwaka ule mtu angeweza kusimama pale akabadilisha habari yote ya siku ile, na mji mzima ukae kimya? Waliopoteza macho wapo. Wajane wapo. Wangemjibu.

Paulo alianza kuandika barua zake karibu mwaka 50, miaka 20 hivi baada ya msalaba. Barua ya kwanza kwa Wakorintho ni ya miaka 25 hivi baadaye. Soma sura ya 15, mistari 8 ya kwanza. Anataja waliomwona, na anasema wengi wao wangali hai. Huyu ni mtu aliyewahi kulitesa kanisa, aliyewafahamu Petro na Yakobo, anaandika wakati mashahidi bado wanatembea barabarani.

SHAHIDI ANAYEJIUMIZA

Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 33, inaruhusu maneno ya mtu aliyekwisha kufa yapokelewe mahakamani katika hali fulani. Mojawapo ni pale alichosema kilikuwa kinamuumiza yeye mwenyewe. Mimi si wakili, lakini sababu yake naielewa: watu hudanganya ili wapate faida, si ili wajitie hasara.

Sasa tazama kanisa la kwanza lilisema nini. Lilisema Masihi wake alitundikwa msalabani. Kwa Myahudi, aliyetundikwa mtini amelaaniwa. Soma Kumbukumbu la Torati 21, mstari wa 22 na 23. Kwa Mrumi, msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Paulo mwenyewe anakubali katika 1 Wakorintho 1:23 kwamba ujumbe huo uliwakwaza Wayahudi na ulionekana upuzi kwa mataifa. Kama unatunga mwokozi ili uwavute watu, huanzi na msalaba. Waliuhubiri kwa sababu ulitokea, wakalazimika kuishi nao, hadi Mungu akawafunulia maana yake.

Bart Ehrman, msomi wa Agano Jipya huko Marekani ambaye si mwamini, aliandika kitabu kizima mwaka 2012 kuhusu swali hili hili. Alifikia wapi? Kwamba Yesu aliishi. Hapatani nasi kuhusu Yesu ni nani. Lakini kwamba alikuwepo, halitilii shaka.

NA WANAOSEMA HAKUNA HATI YA WAKATI ULE?

Jiulize kuhusu Pilato. Aliitawala Yudea miaka 10 hivi, mtu mkubwa, mwenye askari, na sarafu zilitengenezwa chini ya utawala wake. Hata hivyo hakuna jiwe lenye jina lake lililojulikana hadi mwaka 1961, wachimbaji kutoka Italia walipolipata kule Kaisaria. Kama jina la mtawala lilikaa limefichika kwenye jiwe miaka zaidi ya 1,900, kwa nini ushangae kwamba hatuna hati ya serikali kuhusu seremala wa Nazareti?

SASA SIKIA MPAKA WAKE

Hapa ndipo ninapoomba usikimbie, maana hapa ndipo nilipokosea zaidi.

Wazee wa Kawangware watakumbuka Juni 1988. Katika mkutano wa maombi wa Mary Akatsa, mbele ya maelfu ya watu, alitokea mtu aliyevaa kanzu nyeupe na kilemba. Alizungumza nao kwa Kiswahili, na wengi wakaamini ni Yesu. Gazeti la Kenya Times liliandika habari hiyo mwezi ule ule na kuchapisha picha. Ilisambaa duniani.

Pima kama jaji. Mashahidi ni maelfu. Taarifa ni ya siku chache tu baadaye. Picha ipo. Kwa kipimo cha muda, Kawangware inamshinda Tacitus mbali sana! Mbona basi mimi na wewe hatuamini kwamba yule alikuwa Yesu?

Kwa sababu kuna maswali mawili, na tusiyachanganye. La kwanza: je, kulikuwa na mtu? Ndiyo, Kawangware kulikuwa na mtu, picha inaonyesha. La pili: je, mtu yule ni nani? Hilo picha haiwezi kulijibu, hata ziwe elfu.

Vivyo hivyo na Yesu wa Nazareti. Historia inajibu swali la kwanza: alikuwepo, alifundisha, alikuwa na ndugu aitwaye Yakobo, alisulubiwa chini ya Pilato. Hayo unaweza kuyasema darasani, kazini, hata mbele ya jaji, bila aibu. Lakini kwamba yeye ni Mwana wa Mungu, kwamba alikufa kwa ajili yako, hilo Tacitus hawezi kukupa. Petro alipomkiri Yesu, katika Mathayo 16, Bwana alimwonyesha kwamba ufunuo ule haukutoka kwa mwanadamu. Na Petro alikuwa amekula naye, amelala naye mashuani. Hakuhitaji ushahidi kwamba Yesu yupo. Bado alihitaji kufunuliwa ni nani.

Mimi nilitaka barua moja ya Mrumi ifanye kazi ya Roho Mtakatifu. Ndiyo maana nilimfokea kijana aliponiambia ni ya uongo. Nilikuwa naogopa kwamba barua ikianguka, Yesu ataanguka. Mwenye roho ya shaka siku ile alikuwa mimi.

KWA WAZAZI NA VIONGOZI

Mtoto wako akikuuliza swali gumu, usimfunge mdomo. Luka mwenyewe, soma mistari 4 ya kwanza ya Injili yake, anasema alichunguza mambo yote kwa makini kabla ya kuandika. Kuchunguza si kuasi. Kama hujui jibu, sema sijui, tukatafute pamoja. Na kabla ya kusambaza kitu WhatsApp kwa jina la Yesu, uliza kimetoka wapi.

KWA KIJANA WANGU

Juzi tulikunywa chai pamoja mjini, na nilikuomba msamaha. Ulinisikiliza, ukaniambia, "Pasta, hayo ya Yakobo sikuwa nayajua. Lakini bado sijaamini." Nilikujibu sawa, na nakujibu hivyo tena hapa. Sitakuambia ufunge siku tatu. Nimefunga mimi. Ukiwa na swali lingine, namba yangu unayo, na kiti chako kwenye kwaya hatujampa mtu.

Tuombe.

Baba, utusamehe tulipolitetea jina lako kwa mambo ambayo hatukuyapima. Tupe kuipenda kweli hata inapotuaibisha. Wakumbuke watoto waliotoka nyumbani mwako kwa sababu ya majibu yetu mabaya. Historia imetuonyesha kwamba Mwanao alitembea duniani. Sasa Roho wako atuonyeshe yeye ni nani. Katika jina la Yesu Kristo.

Amina.

Kama kuna kijana uliyemfunga mdomo, usimtumie somo hili kwanza. Mpigie simu umwombe msamaha, ndipo umtumie. Tuonane Jumapili, Mungu akipenda.